Winga wa bao moja na winga wa mechi saba

Kwa misimu 14 mfululizo, kuanzia ule wa 1944–45 hadi ule wa 1957–58, nafasi ya winga wa kulia katika kikosi bora cha msimu cha NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Canada na Marekani, ilishikwa na watu wawili tu. Maurice Richard wa Montreal Canadiens aliipata mara 8, Gordie Howe wa Detroit Red Wings mara 6. Wote wawili walivaa jezi namba 9. Walicheza upande uleule, kwa timu zilizochukiana kwa dhati, na kila msimu ulipokaribia kwisha mashabiki wa miji hiyo miwili walijua kwamba huenda wakakutana tena, safari hii mmoja akiendelea na mwingine akifunga virago. Ubishi juu ya nani kati yao alikuwa winga bora wa mtoano una umri mkubwa kuliko wengi wanaoubisha leo. Kwa maoni yangu, umeharibiwa na mazoea ya kuhesabu makombe: Richard alitwaa Kombe la Stanley mara 8, Howe mara 4, basi kesi imekwisha. Makombe yanatuambia timu ipi ilikuwa na watu wengi wazuri kwa muda mrefu. Kuhusu mawinga wenyewe yanatuambia kidogo sana.

Kwa msomaji ambaye hajaizoea hoki ya barafu, mambo machache yanatosha. Kila timu huwa na watu 6 uwanjani pamoja na kipa, mechi ina vipindi 3 vya dakika 20, na kinachopiganiwa ni kisahani cha mpira mgumu mweusi kinachosukumwa kwa fimbo. Washambuliaji ni watatu: mmoja wa kati na mawinga wawili, wa kushoto na wa kulia. Huingia na kutoka kwa zamu fupi bila mechi kusimamishwa, maana hakuna mapafu yanayohimili kasi ile kwa muda mrefu. Pointi za mchezaji ni jumla ya mabao aliyofunga na pasi alizotoa zikazaa mabao. Enzi ya Richard na Howe ligi ilikuwa na timu 6 tu, na 4 za juu ndizo zilizoingia mtoano: nusu fainali, kisha fainali, kila hatua ikiwa mfululizo wa hadi mechi 7 ambamo anayetangulia kushinda 4 ndiye anayepita. Hapakuwa na mpinzani dhaifu wa kupandia ngazi. Kuanzia 1949–50 kila timu ilicheza mechi 70, yaani 14 dhidi ya kila mpinzani, kwa hiyo watu hawa walifika kwenye mtoano wakijuana hadi pumzi.

Kati ya 1949 na 1958 Montreal na Detroit zilikutana katika mtoano mara 7. Detroit ilishinda 1949, 1952, 1954 na 1955. Montreal ilishinda 1951, 1956 na 1958. Mwaka 1955 Richard hakucheza kabisa, kwa sababu nitakazozieleza. Ukiuweka kando mwaka huo, mifululizo ambayo mawinga wote wawili walikuwamo ni 6, nayo imegawanyika sawasawa: mitatu kwa mitatu. Matokeo ya timu, basi, hayatuamulii lolote. Inabidi tuangalie mabao yalikuja vipi na yalikuja lini.

Hesabu za jumla zinajulikana. Richard alifunga mabao 544 katika mechi 978 za ligi, na mabao 82 katika mechi 133 za mtoano. Howe alifunga mabao 801 katika mechi 1,767 za ligi, na 68 katika mechi 157 za mtoano. Ukizigeuza ziwe mabao kwa kila mechi 100, Richard anapanda kutoka 56 katika ligi hadi 62 katika mtoano, na Howe anashuka kutoka 45 hadi 43. Hapa ndipo wapenzi wa Richard hukunja mikono na kutabasamu: mtu wao alipanda mambo yalipokuwa magumu, yule mwingine alishuka.

Lakini hesabu hizo zimebeba vitu visivyolingana. Misimu ya 1943–44 na 1944–45 ilichezwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, wachezaji na makipa wengi wakiwa jeshini. Richard mwenyewe alijaribu kujiunga na jeshi akakataliwa kwa sababu ya mifupa aliyowahi kuvunjika, na akaitumia nafasi hiyo kwa njaa ambayo ligi haikuwahi kuiona: mabao 50 katika mechi 50 mwaka 1944–45, na mabao 18 katika mechi 15 za mtoano wa miaka hiyo miwili. Howe kwa upande wake aliingia ligi akiwa na umri wa miaka 18, na katika mitoano yake miwili ya kwanza, 1947 na 1948, alifunga bao 1 tu katika mechi 15. Tuiondoe misimu hiyo pande zote, ya vita kwa Richard na ya ujana kwa Howe, katika ligi na katika mtoano. Richard anabaki na mabao 52 kwa kila mechi 100 za ligi na 54 kwa kila mechi 100 za mtoano. Howe anabaki na 47 katika ligi na 47 katika mtoano.

Namba ya Howe inastahili kutazamwa mara ya pili. Zaidi ya mechi 1,600 za ligi upande mmoja, mechi 142 za mtoano upande mwingine, na kiwango ni kilekile hadi nukta ya tatu ya desimali. Mtu huyu hakubadilika. Aprili alikuwa kama Novemba, ingawa wapinzani wake walikuwa wamechujwa na mabeki wamejipanga kwa ajili yake peke yake. Wengi wanapoambiwa kwamba mchezaji alibaki vilevile katika mtoano huiona kama sifa ya mtu wa kawaida. Mimi naiona kuwa ngumu kuliko zote, maana mtoano kwa kawaida humla mfungaji.

Na bado hatujagusa pasi. Katika mtoano Howe alitoa pasi za mabao 92, Richard 44. Baada ya usafishaji uleule, Howe ana pointi 111 kwa kila mechi 100 za mtoano, na Richard ana 86. Tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa. Kwa hiyo mtu akitaka kumtetea Richard kwa wastani, atashindwa. Hoja yake haimo ndani ya wastani. Imo katika dakika ambazo mabao yake yalifungwa.

Tuingie mwaka 1951, kwa kuwa hakuna mahali pengine ambapo utetezi wa Richard unasimama kwa nguvu kama hapo. Detroit ilikuwa imemaliza ligi kwa pointi 101, ikiwa timu ya kwanza katika historia kuvuka 100. Montreal ilikuwa na 65. Howe alikuwa ametoka kuongoza ligi kwa pointi 86, mabao 43 na pasi 43. Langoni mwa Detroit alikuwapo Terry Sawchuk, kipa chipukizi wa mwaka ambaye wengi bado wanamhesabu kati ya makipa bora waliopata kuishi. Nusu fainali ilianzia Detroit, na hakuna aliyetarajia ifike mbali.

Mechi ya kwanza ilifika 2–2, ikaenda muda wa nyongeza. Ukapita muda wa kwanza wa nyongeza, wa pili, wa tatu. Baada ya dakika 61 za ziada, katika muda wa nne, Richard alifunga. Siku mbili baadaye mechi ya pili ilifika mwisho wa dakika 60 bila bao, na safari hii ilichukua dakika 42 za nyongeza. Aliyefunga, tena, ni Richard. Jumlisha: zaidi ya dakika 100 za ziada katika usiku mbili, katika uwanja wa mpinzani, dhidi ya kipa aliyekuwa akizuia kila kitu, na mtu mmoja akazifunga mechi zote mbili. Detroit ilijitutumua na kushinda mbili zilizofuata kule Montreal, lakini haikutosha. Montreal ilishinda 4–2. Howe hakulala katika mfululizo huo. Alifunga mabao 4 na kutoa pasi 3 katika mechi 6, kazi ambayo mwaka wowote mwingine ingetosha. Montreal ikaenda fainali na Toronto, mechi zote 5 zikaingia muda wa nyongeza, na ile moja pekee ambayo Montreal ilishinda ilimalizwa na Richard. Mabao 3 ya muda wa nyongeza katika mtoano mmoja. Katika maisha yake yote ya mtoano alifunga 6 ya aina hiyo, rekodi iliyosimama mpaka zama za Joe Sakic wa Colorado.

Kuna jambo linalosahaulika hapa. Tangu Novemba 1942 NHL ilikuwa imefuta muda wa nyongeza katika mechi za ligi, kwa kuwa wakati wa vita ratiba za treni hazikuweza kusubiri hoki. Haukurudi katika ligi hadi 1983. Richard aliingia ligi msimu uleule wa 1942–43. Maana yake ni kwamba karibu katika maisha yake yote ya NHL muda wa nyongeza ulikuwapo kwenye mtoano tu. Hakuna mechi ya Januari ambayo ungeweza kujifunzia jinsi ya kucheza ukijua kwamba bao lijalo linamaliza kila kitu. Wastani wa ligi, hata usafishwe vipi, hauwezi kumpima mtu katika hali ambayo ligi haikuwa nayo. Wanaosema Richard alikuwa mchezaji wa mtoano kwa asili wana haki kwa kiasi hiki: kulikuwa na aina moja ya mchezo iliyochezwa mtoanoni peke yake, na katika aina hiyo hakuwa na mwenzake.

Sababu yake sidhani kuwa ni muujiza. Richard alishika fimbo kwa kushoto lakini alicheza winga wa kulia. Winga wa kulia anayeshika kwa kulia hupata upande wa nje kwa urahisi; anapoingia kuelekea goli, fimbo yake iko mbali na katikati, na pembe ya kupiga inazidi kufinyika. Richard alipokata kuingia ndani, ubao wa fimbo yake ulikuwa tayari upande wa katikati, uso ukilitazama goli lote. Aliweza kumzuia beki kwa mkono mmoja na mwili, akasukuma kisahani kwa mkono mwingine. Inasimuliwa hadi leo jinsi alivyoifunga Detroit bao mwaka 1945 huku beki mzito Earl Seibert akiwa amemng'ang'ania mgongoni. Katika dakika ya 90 au ya 120, barafu imechubuka, pasi ndefu hazifiki, miguu ya mabeki imekuwa mizito. Mchezo wa kupangana umekwisha. Kinachobaki ni mtu anayeweza kupata nafasi moja peke yake, bila msaada, na kuimaliza. Mchezo wa Richard tangu mwanzo ulikuwa umejengwa hivyo.

Mchezo wa Howe ulijengwa kinyume chake. Alikuwa mkubwa kuliko Richard, mwenye mabega mapana, mzaliwa wa Saskatchewan, na aliweza kupiga kwa mikono yote miwili, jambo lililowezekana kwa kuwa fimbo za siku zile zilikuwa zimenyooka. Alirudi kukaba. Aliingia uwanjani timu yake ikiwa pungufu kwa sababu ya adhabu. Kona za uwanja, ambako wachezaji wawili husukumana ukutani kugombea kisahani, zilikuwa mali yake, na viwiko vyake viliwafundisha mabeki kumpisha. Mambo haya hayamalizi mechi kwa pigo moja. Yanaifanya timu pinzani icheze mechi nzima kwa taabu, na ikicheza mechi 7 kwa taabu hiyo huwa imechoka kabla ya kujua.

Fainali ya 1952 inaonyesha hilo. Detroit ilishinda mechi 8 kati ya 8 za mtoano, Sawchuk akifungwa mabao 5 tu katika zote. Ndio mtoano ambao shabiki mmoja alirusha pweza kwenye barafu ya Detroit, mikono 8 kwa ushindi 8, na desturi hiyo ipo mpaka sasa. Montreal ilipata mabao 2 tu katika mechi 4 za fainali hiyo, na hata moja halikuwa la Richard. Mtu anaweza kuishia hapo na kusema Richard alizimwa. Lakini mnamo Aprili 8, katika mechi ya saba ya nusu fainali na Boston, alikuwa amegongwa na Leo Labine akaanguka bila fahamu, akashonwa juu ya jicho, akarudi uwanjani bila kuelewa vizuri matokeo ni ngapi, akafunga bao la ushindi. Picha aliyopigwa baada ya mechi, damu ikimtiririka usoni huku akipeana mkono na kipa Jim Henry, ni mojawapo ya picha mashuhuri kabisa za mchezo huu. Siku chache baadaye alikuwa anacheza fainali. Leo daktari yeyote angemzuia. Kwa hiyo ukimya wake wa 1952 nauhesabu, lakini siuhesabu kwa uzito kamili.

Mwaka 1955 ndio ninaouhesabu kwa uzito kamili, na ndio unaonifanya niegemee upande mmoja.

Machi 13 mwaka huo, kule Boston, beki Hal Laycoe alimpiga Richard kichwani kwa fimbo. Richard alilipiza kwa fimbo, na msaidizi wa refa Cliff Thompson alipojaribu kumshika, akampiga ngumi. Rais wa ligi, Clarence Campbell, alimfungia mechi 3 zilizobaki za ligi na mtoano mzima. Katika Montreal uamuzi huo haukusikika kama adhabu ya mchezo. Richard alikuwa shujaa wa Wakanada wanaozungumza Kifaransa, wengi wao wakifanya kazi kwenye viwanda na ofisi zilizoongozwa na watu wa Kiingereza, na sasa mkuu wa ligi, Mwingereza kwa lugha, alikuwa amemnyang'anya ubingwa mtu wao. Machi 17 Campbell alikuja uwanjani Forum kutazama mechi dhidi ya Detroit. Alitupiwa vitu, kisha likalipuka bomu la machozi. Detroit ilikuwa inaongoza 4–1. Mechi ikavunjwa na ushindi ukapewa Detroit. Umati ukamwagika mtaa wa Sainte-Catherine ukivunja maduka. Kesho yake Richard alizungumza redioni kwa Kifaransa akiwaomba watu watulie. Wanahistoria wengi wa Quebec wanauhesabu usiku ule miongoni mwa dalili za mapema za mageuzi yaliyokuja miaka ya 1960, na Mkongo au Mrundi anayeishi Montreal leo atakuta jina la Richard bado linabeba uzito ambao mabao peke yake hayaelezi.

Ninaelewa hasira ile, na naheshimu kilichokuwa nyuma yake. Lakini tunapima winga wa mtoano, na katika kipimo hicho gharama yake ilikuwa kubwa. Richard alikuwa anaongoza ligi kwa pointi. Akiwa amefungiwa, mwenzake Bernie Geoffrion akampita kwa pointi 75 kwa 74, na Richard hakuwahi kushinda taji la mfungaji wa pointi nyingi maishani. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: Detroit ilimaliza ligi na pointi 95, Montreal 93. Pengo ni pointi 2, sawasawa na zile za mechi iliyovunjwa. Kwa nafasi ile ya kwanza Detroit ilipata kucheza nyumbani mechi ya saba ya fainali, na fainali ile ilikuwa ya ajabu: mwenyeji alishinda kila mechi kati ya zote 7. Montreal ilifika mechi ya saba bila Richard. Nani anaweza kusema wasingeshinda wakiwa naye?

Howe, katika mtoano huohuo, alifunga mabao 9 na kutoa pasi 11 katika mechi 11. Pointi 20, rekodi ya wakati huo. Bao lililoamua mechi ya saba lilikuwa lake.

Watetezi wa Richard husema kwamba rekodi hiyo ya Howe ina upungufu kwa kuwa winga mpinzani hakuwapo. Naikataa hoja hiyo. Richard hakuwa na kazi ya kumkaba Howe; Doug Harvey alikuwapo nyuma, na langoni alikuwapo Jacques Plante. Howe alifunga dhidi ya ulinzi ambao mwaka uliofuata ungeanza kutwaa makombe 5 mfululizo. Na kuwapo uwanjani ni sehemu ya thamani ya mchezaji. Anayepoteza mtoano mzima kwa ngumi hawezi kuhesabiwa sawa na anayeupoteza kwa jeraha.

Maana Howe naye alikosa mtoano. Machi 28, 1950, katika mechi ya kwanza ya nusu fainali na Toronto, alimwendea Ted Kennedy kwa kasi, akamkosa, akajigonga kwenye ukuta wa mbao. Fuvu lilivunjika, madaktari walilitoboa usiku uleule kupunguza shinikizo kwenye ubongo, na familia yake iliitwa ikihofiwa kwamba hatapona. Detroit ilitwaa kombe bila yeye, katika mechi ya saba ya fainali, muda wa pili wa nyongeza. Mtu anaweza kusema hiyo inaonyesha Detroit haikumhitaji. Ningesema inaonyesha Detroit ya 1950 ilikuwa na akina Ted Lindsay, Sid Abel na Red Kelly. Msimu uliofuata Howe alirudi na kuongoza ligi kwa pointi, na akaongoza miaka 4 mfululizo.

Baada ya 1955 ulinganisho unapoteza usawa kwa sababu ya watu waliokaa ofisini. Meneja wa Detroit, Jack Adams, akiwa bingwa, aliwauza wachezaji wengi wa kikosi kile, pamoja na Sawchuk. Miaka miwili baadaye aliwaondoa Lindsay, aliyekuwa anaongoza juhudi za kuunda chama cha wachezaji, na kipa Glenn Hall, aliyekuja kuwa nguzo ya Chicago. Upande wa Montreal, meneja Frank Selke alikuwa amejenga mtandao wa timu za vijana ulioleta akina Béliveau, Geoffrion, Moore na Plante. Mashambulizi ya Montreal timu pinzani ikiwa pungufu yalikuwa makali kiasi kwamba mwaka 1956 ligi ilibadili sheria, mchezaji aliyeadhibiwa kwa dakika 2 aruhusiwe kurudi mara timu yake inapofungwa. Ukimtoa Richard na kumweka Howe Montreal mwaka 1956, makombe yale 5 bado yangekwenda Montreal. Ndiyo sababu sioni maana ya kulinganisha 8 na 4.

Hata hivyo Richard hakuwa abiria katika timu hiyo. Bao lililoamua kombe la 1956, dhidi ya Detroit, lilikuwa lake, mwaka mmoja tu baada ya Howe kufanya hivyohivyo dhidi ya Montreal. Mwaka 1958 alikuwa na umri wa miaka 36, ametoka kukaa nje miezi kadhaa baada ya mshipa wa kisigino kukatika, akafunga mabao 11 katika mechi 10 za mtoano, pamoja na 3 katika mechi iliyoifungisha Detroit virago. Mabao yake ya fainali peke yake ni 34, na hakuna aliyeyafikia mpaka leo. Namba hiyo ya mwisho ndiyo ningemshauri mtetezi wake aanze nayo, badala ya makombe.

Hoja moja dhidi yake haitajwi mara nyingi: mitoano yake mibaya ilikuwa mibaya kweli. Mabao 2 katika mechi 7 mwaka 1949. Bao 1 katika mechi 5 mwaka 1950. Mabao 3 katika mechi 11 mwaka 1954. Mnamo 1949, katika mtoano uleule, Howe wa miaka 21 aliongoza wachezaji wote wa mtoano kwa mabao 8 katika mechi 11. Richard alipanda juu kuliko mtu yeyote na akashuka chini kuliko nyota wa kiwango chake anavyopaswa kushuka. Howe, mabao yalipokosekana, alibaki na pasi, na pasi zilipokosekana alibaki na ukabaji. Mwaka 1964, akiwa naye na miaka 36, alipata pointi 19 katika mechi 14, na Detroit ikashindwa na Toronto katika mechi ya saba ya fainali. Mwaka 1980, akiwa na miaka 52, alicheza mtoano wake wa mwisho akiwa na Hartford dhidi ya Montreal, na bao lake la mwisho katika NHL alilifunga hapo.

Kwa hiyo jibu langu linategemea kipi kinachezwa. Ikiwa dakika 60 zimekwisha, matokeo yamesimama na bao lijalo linafunga usiku, namchukua Richard, na sidhani kuna winga wa zama zozote ambaye ningemweka mbele yake. Lakini mtoano hauanzi hapo. Unaanza na mechi ya kwanza kati ya 7, na kufika kwenye muda wa nyongeza wenyewe kunahitaji mtu wa kushikilia matokeo katika kipindi cha pili, kuzuia timu ikiwa pungufu, kumpa mwenzake pasi pale mabeki wawili wanapomvaa yeye. Ningekuwa kocha mwezi Machi, nikijua kwamba lazima nishinde mechi 8 kabla kombe halijawa langu, ningechagua Howe. Ningefanya hivyo nikijua kwamba upande wa pili wapo watu wenye Richard, na kwamba wakifanikiwa kuivuta mechi mpaka baada ya saa sita usiku, kama walivyofanya mara mbili mwaka 1951, huenda Howe na pointi zake zote wasitoshe.